Siku Mama Alipopiga Magoti

Ilianza Jumamosi, saa nne na robo asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeishika mkononi, saa ya baba iliyokatika mkanda, ambayo niliitumia kumpimia mama mazoezi yake. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, na juu kidogo ya kifundo amefungwa kimfuko cha mchanga nilichokishona kwa kipande cha khanga kuukuu. Anauinua mguu, anaushikilia hewani, anaushusha polepole. Jicho langu moja lilikuwa kwenye mshale, jingine kwenye goti, na roho iko juu juu kama kila siku.

Halafu tukasikia nje ya ua, "Hodi wenyewe!"

Sauti tuliijua. Mama akainuka, akapiga hatua mbili tatu kuelekea mwanya wa ua, na kabla sijasema kitu akashuka chini. Magoti yote mawili. Alipiga magoti kwenye changarawe, akakutanisha viganja, akainamisha kichwa.

"Shikamoo baba."

Aliyesimama pale alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba yangu, mkononi ana kuku aliyefungwa miguu na begani kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. "Marahaba," akasema. Nadhani naye alishtuka. Sisi Wasukuma mwanamke humwamkia mkubwa wa mumewe kwa kupiga magoti, hilo si ajabu, hata mimi hupiga. Ajabu ni kwamba mama alikuwa ameacha, mwaka na zaidi. Goti lake la kulia lilikuwa limeharibika na ukoo wote ulikuwa umemsamehe aamkie akiwa amekaa, ingawa kusamehewa huko nako kulikuwa na maneno yake.

Mimi nilipiga kelele. Halikuwa neno, ilikuwa sauti tu, kama ya mtu aliyekanyaga kaa la moto. Mama akageuka kunitazama. Hapo nikauona uso wake ukibadilika, midomo ikikazana, jasho likitoka juu ya pua. Akataka kuinuka, akashindwa.

Nikakimbia nimshike kwapani. Akatikisa kichwa. "Niache."

Akatanguliza mguu wa kushoto, akaweka viganja viwili juu ya paja, akajisukuma. Goti likalia. Lina sauti yake lile goti, kama mtu anayekanyaga magamba ya konokono kule ufukweni. Akasimama akiyumba, akamvutia mgeni kiti, akaketi kwenye kigoda chake na kujifunika khanga mpaka miguuni.

Baba mkubwa hakumtazama. Goti la mke wa mdogo wake si kitu cha kutazama, kwa hiyo maswali yote ya goti alikuwa akiniuliza mimi.

"Na hicho alichofungwa mguuni ni nini? Hirizi?"

"Ni mchanga, baba," nikasema, kwa sauti ambayo labda kuku peke yake ndiye aliyeisikia.

"Ongea, mtoto! Shule unasoma, kuongea hujui?"

"Ni mchanga."

"Wa wapi?"

"Wa ziwani."

"Kawapa nani?"

"Hospitali ndio waliosema. Ni mazoezi ya goti."

Alicheka mpaka kuku akapiga mbawa. "Hospitali! Siku hizi hospitali wanafunga watu mchanga wa ziwa miguuni. Halafu mimi ndiye mnaniita wa kienyeji."

Ng'ambo ya ua jirani yetu alikuwa anakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayouzwa viwandani minofu ikishapakiwa kwenda Ulaya. Akadakia bila kuitwa: "Na kila asubuhi wanapiga gwaride, mzee! Moja mbili, moja mbili. Tunangoja siku watakayopewa bunduki."

Mama akacheka pia. Mimi nilishindwa. Nilikuwa natazama ile khanga pale goti lilipo, nikingoja livimbe.

Nieleze kwa nini niliogopa hivyo. Baba mkubwa hakuja kututembelea. Alikuja kutuchukua. Baba yuko Geita kwenye machimbo, anarudi akijaliwa kupata, na asipokuwepo kaka yake ndiye mwenye kauli. Walikuwa wamekwisha kubaliana: mama aende kijijini, akae kwenye mji wa babu, kuna mganga wa kumchanja chale kuzunguka goti na kumpaka dawa, halafu apumzike, asiguse kazi, mpaka apone. Na mimi niende kumhudumia. Nilikuwa kidato cha tatu. "Shule hata huku ipo," alikuwa ametuma kusema, na ipo kweli, inaishia darasa la saba.

Ubaya ni kwamba baba mkubwa si mtu mbaya. Mama alimuuguza mama yao mpaka siku ya mwisho, akimgeuza kitandani, na baba mkubwa hajalisahau hilo. Kwake yeye mtu aliyechoka anapumzishwa, basi. Na sisi huku mjini, hapa Pasiansi, ndivyo tulivyokuwa tumefanya. Mama alisimama miaka mingi kwenye mashine za kufumia nguo kule Nyakato, mpaka kiwanda kilipoanza kupunguza watu naye akapunguzwa. Akaingia kwenye mitumba, kuinama na kuinuka juu ya marundo kutwa nzima. Goti lilipoanza, watu wote wakawa wema. Jirani akawa anamchotea maji. Wanawake wa jumuiya wakahamishia sala nyumbani kwetu ili asitembee. Mimi nikapika, nikafua, nikamletea maji ya kunawa pale pale alipokaa, mpaka ikafika nikawa nampa kijiko kilichokuwa mbele yake. Tulimpenda sana, na kadiri tulivyomhurumia ndivyo alivyozidi kushindwa, hadi kwenda chooni ikawa safari.

Hospitali walimpiga picha, wakasema ni ugonjwa wa viungo kulika. Wakamtuma kwa mama mmoja wa chumba cha mazoezi, mnene, mcheshi, mwenye raba nyeupe. Huyo ndiye aliyenitia hofu yote, ingawa hakukusudia. Alimweleza mama kwamba kwenye ncha za mifupa kuna gegedu, kitu laini kama ule mfupa mweupe wa kuku unaotafunika, na la kwake limelika.

"Litaota tena?" mama akauliza.

"Halioti, mama. Sikudanganyi."

"Sasa nikifanya mazoezi si ndiyo nalimaliza?"

"Unalimaliza kwa kukaa. Misuli ya paja ndiyo inayolisaidia goti kubeba mzigo, na yako imelegea yote. Halafu kuna jambo jingine." Akajigonga kichwani kwa kalamu. "Goti linapeleka habari tu. Huku juu ndiko zinakopokelewa. Kwenye ubongo kuna sehemu ya kuona, sehemu ya kukumbuka, sehemu ya woga, zote zinaulizana, halafu ndipo inaamuliwa kama haya ni maumivu na ni makubwa kiasi gani. Wewe ubongo wako umepokea habari mbaya mwaka mzima. Sehemu ya woga na sehemu ya maumivu zimekuwa majirani wanaoitana kutwa. Goti likinong'ona, huku juu wanasikia mayowe."

"Kwa hiyo nasingizia?"

"Nani kasema? Yanauma kweli, tena sana. Ndiyo maana nakupa kazi, sikupi pole. Kila siku mguu uinuke, ubongo upate habari nyingine: mguu umeinuka na nyumba haijaanguka. Taratibu wale majirani wataanza kuongea na watu wengine."

Akamwonyesha namna ya kuinua mguu wenye mzigo na namna ya kuinuka kwenye kigoda. Kisha akanigeukia mimi. Yakiuma kidogo wakati wa mazoezi, aendelee. Asubuhi inayofuata niangalie: goti likiwa kama jana, hakuna kilichoharibika. Likiwa limevimba zaidi na halikunjiki, tupunguze. Nikaitikia, "Ndiyo, mwalimu," kwa woga, naye akacheka.

Lakini mimi nilitoka pale nimeshika neno moja tu. Halioti. Kila mama alipouinua ule mguu nililiona gegedu akilini mwangu likisagika kama mahindi chini ya jiwe, na mimi ndiye niliyeshika saa. Mtoto anamwambia mama yake, "Bado, shikilia," na mama anashikilia. Alianza kutembea mpaka kwa jirani, kisha mpaka genge la mkaa, na bado sikuamini. Nilidhani anatumia akiba ya mwisho.

Na sasa alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe. Hilo halikuwemo kabisa katika mazoezi.

Kufika saa nane goti lilikuwa limejaa. Baba mkubwa aliniita nje, penye kivuli cha ukuta.

"Limevimba?"

Ningeweza kusema hapana. Asingekwenda kulitazama. Lakini sijui kumdanganya mtu mzima, macho yananitoka.

"Limevimba, baba."

Akatikisa kichwa, hakufurahi hata kidogo. "Magoti yale yamekwisha mafuta. Baiskeli iliyokwisha gololi huipandishi mlimani, unaiegesha. Nyie mnamkimbiza. Wewe unamkimbiza mama yako kama maksai, na mchanga umemfunga."

"Baba, kichwani..." nikaanza. Nilitaka kumwambia habari ya majirani wanaoitana.

"Kichwani kuna nini? Mimi nasema goti!"

Maneno yakaishia hapo. Shuleni pia huwa hivyo, jibu ninalo, nikisimama linayeyuka.

Akanihurumia, nadhani. Akasema taratibu, "Sikiliza. Kesho asubuhi kuna basi. Akiamka hawezi, tunaondoka wote. Akiamka anaweza, nitamwambia baba yako nilichokiona, waamue wenyewe. Mimi simburuti mtu. Haya, kapange nguo zenu."

Nilipanga za mama. Zangu sikuzigusa. Nikachukua ndoo, nikashuka ziwani ingawa maji nyumbani yalikuwepo. Magugu maji yalikuwa yamefunika ufukwe kama shamba, wanawake wanayasukuma kwa mti wapate mahali pa kuchota, nami nikasimama kwenye foleni. Nasema ukweli: nililia shule kwanza, goti baadaye. Nilijiona nimekaa kwenye mji wa babu, mchana wote, mama kwenye mkeka na mimi kwenye mkeka, nampa kijiko kilicho mbele yake, tunazeeka pamoja. Halafu nikawaza kwamba hata tukibaki nitaendelea kumsaga, na hilo lilinitisha zaidi. Hapakuwa na upande wa kukimbilia.

Jioni tulikaa mama na mimi jikoni tukimnyonyoa yule kuku. Baba mkubwa alikuwa ametoka kwenda kusalimia watu wa kwao walioko Kiseke. Mama alikuwa amekaa mguu umenyooka, goti limefungwa kitambaa chenye maji ya baridi. Hakuonekana mwenye hofu, na hilo lilinikera.

"Mama, kwa nini ulipiga magoti? Hatukufundishwa hilo."

"Nilisahau."

"Ulisahau nini?"

"Kwamba naumwa." Akavuta manyoya ya bawa. "Nilisikia sauti ya baba yako mkubwa nikaenda, basi. Magoti yamezoea, yalikwenda yenyewe. Nikiwa pale chini nilikuwa nawaza habari ya huyu kuku tu. Nikasema, mbona miguu yake ina magamba hivi, wamemtoa wapi mzee huyu?"

Nikacheka bila kutaka. Kisha nikauliza, "Halikuuma?"

"Halikuuma."

"Mama, nimekuona ukiuma meno."

"Liliuma nilipouona uso wako."

Niliacha kunyonyoa. Yeye aliendelea, wala hakunitazama.

"Ulikuwa kama umeona maiti. Nikajiambia, kumbe nimekufa, mbona sina habari. Hapo hapo goti likawaka moto. Na si leo tu. Kila asubuhi kabla sijainua mguu nautazama uso wako kwanza. Ukiukunja, mimi naumwa bado sijainua. Siku ile ulipokuwa na mtihani akanisimamia jirani na kelele zake, niliinua nikamaliza, sikujua saa ngapi nimemaliza."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayekuumiza?"

"Goti ndilo linaloniumiza, usijipe cheo. Nakueleza tu ninavyoona." Akanisukumia sufuria. "Kata hapo kwenye kiungo, usichane chane nyama."

Nilikata, lakini sikuona ninachokata. Mama wa raba nyeupe alisema sehemu ya kuona na sehemu ya woga zinaulizana, nami nilifikiri anazungumzia mambo ya ndani ya kichwa cha mama. Sikujua kwamba mimi nami nilikuwa nimo, nasimama mbele yake kila asubuhi na saa mkononi, namletea habari mbaya. Goti nisingeweza kuliponya, hilo nililijua. Lakini uso je? Uso ni wangu na siumudu. Nilikwenda chumbani, nikajitazama kwenye kioo cha ukutani nikijaribu kuweka uso wa mtu asiyeogopa. Ulitoka uso wa mtu anayeumwa jino.

Usiku ule tulilala kitanda kimoja kama kawaida. Sikulifunua goti. Niliweka mikono yangu chini ya mgongo wangu mwenyewe nikailalia, isije ikaenda kupapasa.

Asubuhi baba mkubwa alikuwa nje mapema, anakohoa, kiroba chake kitupu kimekunjwa kwapani. Mama akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniambia, "Haya, angalia." Nikapiga magoti mimi, nikaweka kiganja. Goti lilikuwa na joto, limejaa. Nilijaribu kukumbuka la jana jioni lilikuwaje. Nikalibana pembeni, nikamwambia akunje, akakunja. Akanyoosha. Lilikuwa kama jana. Sikuamini, nikamwambia akunje tena, naye akasema, "Umeanza." Nikainamisha uso chini.

Baba mkubwa aliniita pale pale penye ukuta.

"Limeamkaje?"

"Kama jana, baba. Halikuongezeka."

"Sisikii."

"Halikuongezeka! Na linakunjika."

Niliona jirani ameinua kichwa ng'ambo ya ua. Baba mkubwa akanitazama usoni. "Una hakika wewe? Maana likimfia kule barabarani ni neno lako."

Hakika sikuwa nayo. Goti kama jana si goti lililopona. Ningeweza kukosea kwa kiganja, kwa macho, kwa kutaka sana kubaki. Nikasema, "Nimeligusa mwenyewe, baba."

Kabla hajajibu mama akatoka ndani, amevaa ndala na khanga ya heshima. "Twende, baba, nikusindikize mpaka barabarani."

"Shemeji, njia ni mawe matupu."

"Mawe hayo nimeyakuta, nayajua."

Baba mkubwa akanitazama tena mimi, si yeye. "Na huyu haji kukushika?"

"Huyu ana vyombo vya kuosha," mama akasema.

Baba mkubwa akakiweka kiroba begani, akaniambia nisome kwa bidii na nijifunze kusema kwa sauti, akatangulia. Mama akafuata.

Kutoka kwetu mpaka barabarani ni kuteremka katikati ya majabali, na kuteremka ndiko goti linakochukia kuliko kote. Kila kitu ndani yangu kilitaka kukimbia nikamshike, au angalau nisimame penye mwanya wa ua nimwangalie akifika pale penye jiwe linaloteleza. Nilijua nikisimama pale atageuka, ataniona.

Nikavuta kigoda, nikakaa nimeipa njia mgongo. Nikachukua sufuria ya kuku, majivu na mchanga, nikaanza kusugua. Sufuria ilikuwa inagonga chini. Nikamsikia baba mkubwa akisema, "Polepole hapo, shemeji." Nikamsikia mama akisema, "Nimeliona." Kisha sauti za ndala, moja nzito, moja nyepesi, halafu kimya, halafu tena. Jirani akaniita, "Wewe, mama yako anateremka kule, humwoni?" Sikugeuka. Sufuria ilikuwa imekwisha kung'aa, nami niliendelea kuisugua.